Ratili Mbili za Macsen Hale

Jumatatu, 4 Septemba. Ratili 147.

Msimu wa ngumi umefunguliwa. Mzee Treharne amenipigia simu asubuhi kuuliza nina uzito gani. Nikamwambia mia na arobaini na nne, akacheka, maana ananijua. Ndiye kocha wangu tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na kila Septemba hunikumbusha niandike uzito wangu kila siku kwenye daftari. Mwaka huu mke wangu Menna ameninunulia daftari kubwa kuliko haja yangu. Uzito peke yake unaonekana mpweke kwenye ukurasa mzima, basi nitaandika na mengine.

Mimi ni Gethin Pugh, fundi wa mapaa hapa Aberdare, Wales, umri miaka thelathini na sita. Nimepigana mapambano themanini ya ngumi za kulipwa. Nimeshinda matano, nimetoka sare mawili, nimeshindwa sabini na matatu. Haya, nimeandika, na hakuna aliyecheka.

Jumanne, 5 Septemba. 146.

Mvua. Hakuna kupanda paa.

Jumamosi, 9 Septemba. 144.

Lowri, binti yetu, ametimiza miaka kumi na mitatu mwezi uliopita. Leo wakati wa kifungua kinywa ameniuliza bila kuniangalia kama ni kweli nimeshindwa mara sabini na tatu. Msichana mmoja shuleni alitafuta rekodi yangu kwenye simu. Huko ushindi huwekwa rangi ya kijani na kushindwa rangi nyekundu. Msichana huyo akasema ukurasa wa baba yake Lowri unafanana na mtu aliyetokwa na damu puani. Darasa zima likapita kutazama.

Nikamwambia waamuzi huwapendelea wenyeji, nami sikuzote napigana ugenini. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuvaa viatu. Menna alikuwa akipaka mkate siagi, akaendelea kuupaka hata baada ya siagi kuenea.

Nusu nyingine sijawahi kumwambia mtoto, basi niiandike hapa. Promota ana kijana wake anayechipukia. Kijana ameuza tiketi kwa wajomba na mashangazi na mtaa mzima. Anatakiwa mtu wa kupigana naye: anayefika kwa wakati na kwa uzito unaotakiwa, anayejua kujikinga asiumie, na ambaye hatamharibia kijana rekodi. Mtu huyo ni mimi. Hakuna aliyewahi kuniambia nianguke, na sijawahi kuanguka kwa makusudi. Haihitajiki. Najifunika, nakumbatia, namwacha kijana anifanyie mazoezi. Nikiona pengo, napitisha ngumi pembeni kidogo. Mara nyingine namnong'oneza apandishe mkono wa kushoto. Mzee Treharne anaita kazi hiyo kulea. Tukiwa njiani huniuliza, leo tunalea nani?

Nimekuwa nikijivunia kidogo jambo hilo. Nimelea vijana wawili waliokuja kuwa mabingwa.

Jumatatu, 18 Septemba. 145.

Jana mchana, Swansea. Nimeshindwa kwa pointi 40 kwa 36. Ni mara ya sabini na nne. Tulikula chipsi garini wakati wa kurudi.

Jumatatu, 2 Oktoba. 144.

Jana Bristol, na kijana wa mkono wa kushoto. 40 kwa 37. Sabini na tano. Mama yake alinifuata kunishukuru.

Jumanne, 10 Oktoba. 144.

Fickling, promota wa Cardiff, amenipigia nikiwa juu ya paa la kanisa. Mpinzani wa Macsen Hale amevunjika kidole, pambano ni Jumapili hii Newport, ratili mia na arobaini. Ndiyo, nilisema, kabla hajamaliza.

Macsen namjua. Ana miaka ishirini na miwili, mapambano tisa, ushindi tisa. Mmoja kati ya ushindi huo aliupata kwangu, mwezi Machi. Nilimlea vizuri siku ile. Baada ya kengele ya mwisho alinikumbatia akasema, "Ahsante, mzee, nimejifunza." Si wengi wanaosema hivyo. Ni mrefu, mabega mapana, mifupa mizito. Hata mwezi Machi nilijiuliza nani anamlazimisha kijana mwenye mifupa ile apigane kwenye uzito wangu. Treharne anasema ni baba yake, Clive. Kuna mkanda wa ubingwa wa Wales ulio wazi kwenye mia na arobaini, na kwenye uzito wa juu kuna foleni.

Alhamisi, 12 Oktoba. 142.

Mayai mawili, samaki wa kopo. Lowri amehama kiti kwenye basi la shule. Nimeambiwa na Menna, si na yeye.

Jumamosi, 14 Oktoba. 140.

Leo tumepima uzito, chumba cha juu cha hoteli huko Newport, saa saba mchana. Nilipanda mzani mimi kwanza: mia na arobaini kamili, na soksi zangu. Kisha akapanda Macsen.

Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Midomo ilikuwa imepasuka, na pembeni ina utando mweupe. Alipoinama kuvua viatu alishika ukuta. Nimejikausha kwa ajili ya mzani kwa miaka kumi na miwili. Namjua mtu aliyekauka, na namjua mtu aliyepita hapo. Huyu alikuwa amepita.

Mzani ulisema mia na arobaini na mbili.

Msimamizi akaeleza kama wanavyoeleza sikuzote: ama kijana apewe saa mbili azipunguze ratili hizo, ama upande wa Pugh ukubali apigane hivyo hivyo. Watu walikuwa wameshaanza kuvaa makoti, kwa sababu jibu langu linajulikana. Nimewakubalia vijana kumi na mmoja waliozidi uzito, mmoja alizidi kwa ratili saba. Treharne alikuwa ameshafungua mdomo aseme haidhuru.

Ndipo Clive Hale, baba yake, akasema kwa sauti ya kutaka kusikika, "Mpe tu, Pugh. Kwani hizo ratili mbili utazifanyia nini? Utashinda?"

Chumba kizima kikacheka. Fickling alicheka. Treharne alitabasamu kidogo, nilimwona. Macsen hakucheka. Alikuwa amesimama na chupi yake juu ya mzani, akiniangalia, akingoja nimwambie ashuke akanywe maji.

"Apungue," nikasema.

Ilibidi msimamizi aniulize mara ya pili.

Wakamvalisha nguo za plastiki, juu yake sweta mbili, wakampeleka kukimbia kwenye ngazi za jengo la kuegesha magari. Mimi nilikaa kwenye gari la Treharne nikila mkate na mayai, na kila baada ya muda mfupi nilimwona akipita nyuma ya ukuta mdogo wa ghorofa ya pili, kisha ya tatu, kisha akishuka. Mara ya mwisho alikuwa anatembea, na baba yake amemshika kiwiko. Saa tisa kasorobo alipanda mzani, ukasoma mia na arobaini. Daktari akampima mapigo ya moyo, akamwuliza maswali, akatia sahihi.

Njiani Treharne akaniuliza leo kuna nini. Nikamjibu kwamba sheria ni sheria. Aliendesha hadi tukapita Caerphilly ndipo akasema, "Sheria ilikuwepo zile mara kumi na moja pia."

Nilikuwa nawaza juu ya kicheko kile, na juu ya Lowri na ule ukurasa. Nilikuwa na furaha. Nataka niandike hilo kwa sababu ndilo lililokuwepo: nilikuwa na furaha kwamba kijana amekauka.

Jumatatu, 16 Oktoba. 148.

Nimeshinda.

Pambano lilikuwa saa kumi jioni. Raundi ya kwanza alinipiga vizuri, tena sana, hata nikaanza kujuta. Ana mkono wa kushoto kama fimbo. Raundi ya pili alianza kupumulia mdomo, nami nilipomkumbatia nikagundua kwamba mgongo wake ni mkavu. Uko chini ya taa zile, unapigana kwa nguvu zako zote, na huna hata tone la jasho. Basi ni kwamba hakuna tena maji ya kutoka.

Raundi ya tatu miguu yake ilikuwa imekwisha. Mambo haya ninayajua kuliko mtu yeyote katika nchi hii. Kuna namna ya kumshika kijana aliyechoka, unapitisha mikono chini ya makwapa yake na kumwegemeza kifuani kwako, ukatembea naye hadi kengele, na hakuna mtu ukumbini anayejua. Nimewabeba hivyo labda vijana arobaini. Mikono yangu ilishaanza kwenda yenyewe. Kisha nikairudisha.

Nilimpiga kwenye ini. Akapiga magoti. Mwamuzi akahesabu hadi nane, kijana akasimama, akaniangalia. Alikuwa ananiangalia vile vile kama mwezi Machi, nilipokuwa namnong'oneza apandishe mkono. Alidhani nitamwambia la kufanya. Nikampiga nyingine tatu, mbili mwilini na moja kichwani, na ile ya kichwani haikuwa na lazima, kwa sababu mwamuzi alikuwa ameshaanza kuja kulisimamisha pambano.

Walipotuita katikati ya ulingo nilianza kumpigia makofi mshindi, kama kawaida yangu. Watu wakacheka, ndipo nikakumbuka kwamba mshindi ni mimi. Macsen hakuwepo katikati. Alikuwa kwenye kigoda chake, daktari amepiga magoti mbele yake. Alitolewa akitembea, lakini kati ya watu wawili.

Lowri alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumbani akinisubiri. Treharne alikuwa amempigia simu. Alinishika shingoni kama alipokuwa na miaka mitano. Akanionyesha kwenye simu yake: kijani juu kabisa, chini yake nyekundu zote. Akasema hazionekani sana ukianzia juu.

Jumanne, 17 Oktoba. 149.

Mwoka mikate amekataa kupokea malipo yangu. Dereva wa lori alipita chini ya paa akapiga honi mpaka nikainua nyundo kumsalimia. Miaka sita imepita tangu nishinde mara ya mwisho. Nimefurahi tangu asubuhi hadi kama saa nane mchana.

Alhamisi, 19 Oktoba. 149.

Gazeti limeandika: "Hale aaibishwa na bondia aliyeshindwa mara sabini na tano." Mwandishi anafafanua kwamba kijana alimalizwa na mzani, kwa hiyo Pugh hastahili sifa. Halafu anaongeza kwamba ushindi wa Hale wote tisa ulikuwa dhidi ya watu wa aina ya Pugh, kwa hiyo na yeye hakuwa na sifa ya kupoteza. Nimesoma mara nne nikitafuta mahali ambapo mtu mmoja amempiga mwenzake. Hakuna.

Kwenye orodha ya mabondia wa uzito wangu nchini nimepanda kutoka nafasi ya sitini na moja hadi ya sitini. Treharne amechunguza. Yule wa sitini amestaafu.

Jumanne, 24 Oktoba. 150.

Simu haijalia. Treharne amewapigia mapromota wawili, wote wamesema watampigia wao. Nawaelewa. Wanaogopa. Hakuna anayetaka kijana wake apigane na mlezi anayeuma.

Jumatatu, 30 Oktoba. 150.

Lowri alikuja na rafiki zake wawili baada ya shule. Mmoja ni yule msichana wa damu ya puani. Akaniuliza nilijisikiaje nilipomwangusha. Nikasema vizuri. Lowri aliniangalia kwa namna ambayo nimeitamani tangu azaliwe, nami nikaenda nje kupanga vigae ambavyo vilishapangwa.

Ijumaa, 3 Novemba. 151.

Treharne alikuwa Newport jana. Amerudi na habari. Macsen alilazwa siku tatu kwa ajili ya figo. Zimepona, au zitapona. Fickling amemwondoa kwenye orodha yake. Lakini kilichonikaa moyoni si hicho. Treharne anasema vijana wa mtaani kwao wakimwona barabarani wanamwita "Pugh". Hawamtukani vingine. Wanasema tu "Pugh, Pugh" hadi apite.

Kumbe jina langu ni tusi. Labda lilikuwa tusi siku zote, ila sikuwahi kuwepo wakati linatumika.

Jumanne, 7 Novemba. 151.

Mvua.

Jumatano, 8 Novemba. 151.

Mvua. Menna ameniuliza kwa nini silali. Nikamwambia habari za zile ratili mbili, zote, na kicheko, na mgongo mkavu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Umeniambia mimi. Mimi siye niliyepigwa."

Jumamosi, 18 Novemba. 150.

Leo nimekwenda Newport kwa treni. Treharne alinipa anwani bila kuniuliza ya nini.

Aliyefungua mlango ni Clive. Bila kundi la watu nyuma yake ni mwanamume mfupi mwenye suruali ya kazi. Alinitambua mara moja. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimeshaamua nitamwacha. Hakunipiga. Alisema, "Huwa unawaachia. Kila mtu anajua huwa unawaachia. Kwa nini wangu?"

Nilikuwa na jibu kwenye treni. Nilipanga kusema kwamba alinicheka. Lakini huwezi kumwambia mtu mlangoni pake kwamba ulimwangamiza mwanawe kwa sababu baba mtu alikucheka. Nikasema sijui. Alinitazama kidogo, kisha akageuka na kumwita Macsen, akaingia ndani na kutuachia mlango.

Macsen alitoka na viatu vya nyumbani. Tulikaa kwenye ukuta mfupi wa mbele ya nyumba. Amenenepa usoni, na inampendeza, ndivyo uso wake unavyotakiwa kuwa. Nilimwomba radhi. Nilimwambia niliona hali yake pale kwenye mzani na nikamkatalia kwa makusudi, na kwamba ushindi ule siuhesabu, kwa kuwa alikuwa mgonjwa.

Kisha akasema, "Usinifanyie hivyo na wewe, mzee."

Nikamwuliza nisifanye nini.

"Kila mtu ananiambia nilishindwa na mzani. Halafu hao hao wananiambia ni aibu kushindwa na wewe. Hakuna anayesema ulinipiga." Alikuwa akiangalia viatu vyake. "Ulinipiga?"

"Nilikupiga."

"Ulitaka?"

"Nilitaka."

"Basi sema hivyo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimechoka, lakini nilikuwepo. Nilipigana na mtu. Ukisema haihesabiki, mimi nilikuwa nafanya nini pale?"

Lori la taka likapita, wafanyakazi wawili wakamsalimia, naye akainua mkono. Lilipokwisha kupita akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu alipoitwa mlangoni.

"Na Machi? Nilikupiga, au ulinilea?"

Ningeweza kusema alinipiga. Ni maneno machache tu. Lakini nilikawia. Nilikuwa nakumbuka raundi ya tatu ya Machi, kidevu chake kikiwa wazi, ngumi yangu ya kulia nikiipitisha pembeni, na jinsi nilivyojisikia mwema. Nilikawia labda kwa pumzi mbili, na pumzi mbili zilitosha. Aliona.

Hakukasirika. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa na daktari kitu alichokuwa ameshaanza kukijua. Akasema ahsante kwa kuja. Akasimama, akaingia ndani.

Nilikosa treni ya kwanza kwa sababu nilipita kituo bila kukiona.

Jumapili, 19 Novemba. 151.

Nimefikiri siku nzima. Nilidhani nimemnyang'anya Macsen kitu kimoja, kile cha Oktoba. Kumbe nilimnyang'anya na cha Machi. Na wale wengine wote. Wapo vijana sabini na kitu waliokwenda nyumbani wakiwa wamemshinda Gethin Pugh, na hakuna hata mmoja anayejua alishinda au alipewa. Mimi niliondoka na wema wangu, nikawaachia namba. Niliita kulea. Mtoto anayelelewa hivyo hujui lini anatembea na lini ameshikwa.

Jumatatu, 20 Novemba. 150.

Nimemwambia Lowri. Nilitaka ajue kabla hajasikia kwingine. Nilimweleza nusu ya pili: ngumi za pembeni, kukumbatia, mapengo niliyoyaacha. Nilidhani itampunguzia aibu kujua kwamba wale wote hawakunizidi.

Alikunja uso. "Mimi nilidhani umeshindwa kwa sababu wao ni wazuri zaidi," akasema. "Nilikuwa nawaambia shuleni kwamba baba yangu anapigwa na watu wazuri halafu anarudi tena." Akainuka. "Kumbe ulikuwa hujaribu."

Akapanda juu. Hajashuka kula.

Jumanne, 28 Novemba. 148.

Fickling amepiga simu. Kuna onyesho Swansea tarehe kumi Desemba, mchana, na kijana anayeitwa Osian Tudball, ushindi mara nne. Akaniuliza kama nimeshatulia sasa. Akasema, "Utamlea, sivyo?" Nikamwambia nitapigana naye. Akacheka, akadhani nimetania.

Treharne hakucheka nilipomwambia. Alisema basi kesho tuanze kukimbia, maana sijakimbia kwa nia tangu yeye mwenyewe akiwa na nywele.

Jumapili, 3 Desemba. 143.

Kilomita nane kwenye baridi. Nilitapika mlimani. Menna anaandaa mchuzi wa kondoo na kunipa maji ya juu tu.

Ijumaa, 8 Desemba. 141.

Nimemwomba Lowri aje Swansea. Sijawahi kumpeleka ukumbini. Hakusema atakuja na hakusema hatakuja.

Jumatatu, 11 Desemba. 146.

Walikuja wote wawili. Menna alivaa koti lake jekundu, nikawaona tangu ninapanda ulingoni, safu ya sita.

Osian Tudball alipima mia na arobaini bila shida, mwenye afya, mwenye jasho. Nilimwendea tangu kengele ya kwanza. Kila pengo nililoliona nilipiga ndani yake. Sikumkumbatia hata mara moja ila nilipolazimika. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekula sawasawa, nimefanya mazoezi kuliko mwaka wowote wa karibuni, na nilitaka kushinda kwa moyo wangu wote mbele ya mtoto wangu.

Hakuna raundi niliyopata. Nilipopiga alikuwa ameshaondoka. Raundi ya pili nilimwona akifungua mbavu, nikatuma mkono wa kulia, ule ule niliokuwa nikiupitisha pembeni miaka yote, safari hii nikiulenga kweli kweli. Ulifika umechelewa. Alikuwa na muda wa kuuangalia. Raundi ya tatu alinipiga na kitu ambacho sikukiona, na nilipoelewa nilipo, mwamuzi alikuwa amefika sita. Nilisimama. Nilimaliza. 40 kwa 35. Sabini na sita.

Nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo na taulo kichwani. Treharne alinikatia bandeji za mikono. Nilikuwa naona aibu ambayo sikuwahi kuiona kwenye kushindwa kote kule, kwa sababu kote kule nilikuwa na siri yangu mfukoni: kwamba ningetaka, ningeweza. Jana nilitaka. Sasa sijui ni vijana wangapi kati ya wale niliowaachia, na wangapi walichukua wenyewe huku mimi nikijisimulia kwamba nawapa. Ngumi ya pembeni na ngumi iliyochelewa zinafika mahali pamoja.

Lowri aliingia na Menna. Alinitazama jicho lililovimba, akauliza kama linauma. Nikamwambia linauma sana. Akaniuliza, "Ulijaribu?" Nikasema ndiyo. Akasema aliona. Akachukua begi langu akalibeba hadi garini, ingawa ni zito, na hakutaka msaada.

Jumatano, 13 Desemba. 147.

Nimewapigia simu akina Hale. Macsen hakuwepo, alipokea Clive. Nilimwambia nina ujumbe kwa mwanawe, kuhusu Machi. Amwambie kwamba nilikaa kimya pale ukutani kwa sababu nilidhani najua jibu. Silijui. Nilidhani nilimwachia, na huenda nilijidanganya. Na kuhusu Oktoba, amwambie nilimpiga, na niliona amekauka, na nilimpiga kwa sababu hiyo, na yote matatu ni kweli, sitaki kupunguza hata moja.

Clive aliniomba nirudie. Nadhani alikuwa anaandika. Niliurudia polepole.

Akasema atamwambia. Nilidhani atakata simu, lakini alibaki, nikawa nasikia redio jikoni kwao. Nilitaka kumwuliza kama kijana atarudi ulingoni, na kwa uzito gani, nikaona sina haki ya kuuliza.

"Anakula," Clive akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayekiri kitu polisi. "Asubuhi anakula, mchana anakula. Jana alimaliza sahani akaomba nyingine. Sikuwa najua mtoto wangu anakula kiasi hicho."

Nikamwambia nimefurahi kusikia. Hakukata simu, nami sikukata. Tulikaa hivyo, kila mtu kwake, hadi mtu mwingine huko kwao akamwita mezani.